Mkuu wa Kikosi cha Mke Wangu

Mwanaume aliyeninyima usingizi ndani ya ndoa yangu hakuwa mchepuko. Alikuwa mkuu wa kikosi cha mke wangu. Mchepuko ningejua nianzie wapi; hapa Mbagala mambo hayo yana utaratibu, kuna mjumbe, kuna wazee, kuna hata faini. Lakini mwanamke akikuambia, "Mkuu amesema tuvumilie," utampeleka kwa mjumbe gani?

Mke wangu ni sajini jeshini. Mimi nauza milango na madirisha ya mtumba kando ya Barabara ya Kilwa. Nyumba ikivunjwa mjini, milango yake inakuja kulala kwangu mpaka ipate nyumba nyingine. Kazi hii imenifundisha jambo moja: rangi mpya juu ya mlango wa zamani haikupakwa kwa urembo. Chini yake kuna kitu, na mara nyingi ni mchwa. Kwa hiyo niliposikia habari za huyo Mkuu, kwamba ni mtu safi, kwamba hana makuu, kwamba askari wake wangemfuata hata shimoni, sikusema neno. Nilianza kugonga ubao kwa kidole nisikie panapolia wazi.

Kwa sura hakuwa wa kutisha. Mfupi, mwembamba, masikio makubwa kuliko kichwa kilivyoyahitaji. Alikuwa na sauti ndogo, ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Mke wangu aliiita sauti ya upole. Mie niliiona ni hesabu. Mwenye cheo akiongea chini, wewe ndiye unayeinama kumsikia, na ukishainama umeshampa nusu ya saluti bure.

Nianze na chakula, maana hapo ndipo sifa zake zilipoanzia.

Kuna desturi kambini: ofisa wa zamu hupita jikoni kwa askari mchana, anachota kijiko kimoja, anaonja, anauliza, "Kuna malalamiko?" Askari wote wanajibu, "Hakuna, afande." Akishajibiwa hivyo anakwenda kwenye bwalo la maofisa kula chakula chake. Mkuu hakuonja. Alichukua sahani, akapanga foleni nyuma ya askari wa mwisho, akapakuliwa, akala sahani nzima. Mke wangu alirudi nyumbani na habari hiyo kama aliyeshuhudia kiwete akitembea.

"Amekula maharage yetu, Baba Zawadi. Yale yale, yenye vijiwe."

"Na usiku anakula nini?"

"Mie nitajuaje usiku anakula nini?"

"Basi hujui anakula nini."

Nilikwenda kwa muuza nyama aliye jirani na nyumba za maofisa, ninafahamiana naye, fremu ya bucha lake nilimuuzia mimi. Nikamuuliza mkubwa yule huwa anachukua nyama kiasi gani. Akasema nusu kilo, mchanganyiko, na mifupa. Kila siku? Hapana, bwana, Jumamosi. Nikamuuliza tena kwa kuzungukia upande mwingine, nikiulizia eti ni za mbwa. Jibu likawa lile lile. Nikaondoka nikijua kwamba Mkuu ana bucha lingine.

Jumapili jioni alikuwa anavaa kiraia na kuja kucheza drafti kijiweni, karibu na uwanja wangu wa milango. Huku ndiko nilikomfahamu kwa macho yangu, wala si kwa simulizi za mke. Na nasema kweli mbele ya yeyote: Mkuu alikuwa anaiba. Mtu yule yule aliyekula maharage yenye vijiwe, ukipiga chafya, kete yake imeshasogea nyumba moja. Askari waliocheza naye walikuwa wanaona na wananyamaza, wanafungwa wakicheka. Siku yangu ya kucheza naye ilipofika sikunyamaza.

"Afande, hii kete ilikuwa hapa."

"Ilikuwa hapo lini?"

"Kabla sijageuka kumjibu mteja."

Kijiwe kizima kikapoa. Mkuu akaitazama ile kete kama ndiyo kwanza waonane, kisha akairudisha.

"Bwana Milango una macho."

"Inabidi, afande. Nina mke jeshini."

Alicheka peke yake, wengine wakacheka baada yake, wakifuata mpangilio wa vyeo. Nyumbani sikulala. Mke wangu aliambiwa kabla sijafika.

"Umemwita Mkuu mwizi mbele za watu?"

"Sikusema mwizi. Nilisema kete ilikuwa hapa."

"Sie wote tunajua anaibaga kete. Ndo starehe yake. Mtu anabeba roho za watu mia ngapi kichwani, akisogeza kete moja wewe unapungukiwa nini?"

"Anayesogeza kidogo anajifunza kusogeza."

"Kete si posho, Baba Zawadi."

Neno hilo posho lilikuwa bado halijaanza kutuuma.

Alikuwa na mambo mengine ambayo sikuweza kuyapanga upande mmoja. Aliendesha gari bovu lililokuwa likizimika getini kwake mwenyewe, askari wakalisukuma, naye akashuka akasukuma nao. Lakini askari mmoja alipochelewa gwaride kwa sababu ya mafuriko, alimweka ndani na hakutaka kusikia habari ya mvua, alisema mvua ile ile ilinyesha juu ya wote. Wiki hiyo hiyo akamruhusu mke wangu aende kumuuguza Zawadi kabla hata hajamaliza kuomba. Nikimuuliza mke wangu mtu huyu ni mkali au ni mpole, ananijibu, "Ni Mkuu." Kama vile hilo ni jibu.

Halafu posho ikakatwa.

Habari ilitoka kinywani mwa Mkuu mwenyewe, gwaride la asubuhi. Mke wangu ameisimulia mara nyingi mpaka nami nimeikariri. Alisema: "Kuanzia mwezi ujao posho ya nyumba itakuwa nusu, na ya chakula itapunguzwa. Uamuzi umetoka juu. Mimi sikuulizwa na ninyi hamtaulizwa. Mwenye malalamiko aje ofisini kwangu."

Sasa hapa raia mwenzangu anaweza asielewe. Sisi sokoni ushuru ukipanda tunafunga vibanda, tunapiga kelele kwa pamoja, tunakwenda kwa diwani kama mkutano wa injili. Jeshini hakuna kulalamika kwa pamoja. Wawili wakikubaliana waseme neno moja kuhusu mshahara, hilo haliitwi tena malalamiko, lina jina lingine, na adhabu yake si ya kutajwa mbele ya watoto. Kila mtu ana haki ya kulalamika, lakini peke yake, kwa shida yake, kwa mdomo wake.

Basi wakaenda peke yao, wote. Mke wangu alipiga pasi kombati yake kama anakwenda kwenye posa. Kufika ofisini kwa Mkuu akakuta foleni imetoka mlangoni, imezunguka mlingoti wa bendera, imefika karakana. Kila mmoja kwenye foleni ile, ukimuuliza, amekuja kivyake, hajui wenzake wamefuata nini. Anaingia mmoja, anapiga saluti, anasema, "Afande, posho yangu ya nyumba imepungua, kodi yangu haijapungua." Mkuu, aliyewapokea akiwa amesimama, anajibu, "Nimesikia." Anatoka, anaingia mwingine, anasema yale yale. "Nimesikia." Hivyo hivyo mpaka jua linaelekea kuzama.

Kijana mmoja, alikuwa mbele ya mke wangu na mlango ulikuwa wazi, akafanya kosa. Amechoka, jua limemchoma, akasema, "Afande, malalamiko yangu ni kama ya mwenzangu aliyetangulia."

Mkuu akamuuliza, "Mwenzako alisema nini?"

Kijana akaduwaa. Akisema anajua, ina maana walikubaliana.

"Mimi sijui mwenzako alisema nini," Mkuu akamwambia. "Toka nje. Ingia tena uje na shida yako."

Kijana akatoka, akaingia tena, akasema kodi yake haijapungua. "Nimesikia."

Mke wangu alilia aliponisimulia hilo. "Alimwokoa yule mtoto. Kwa neno lile angeweza kufungwa."

"Au alijiokoa mwenyewe," nikasema. "Akiyapokea malalamiko ya watu wawili, yeye ndiye anayeulizwa kwa nini kikosi chake kimegoma."

"Wewe una roho gani?"

"Aliandika?"

"Aandike nini?"

"Mliyoyasema. Watu wote hao, aliandika?"

"Alisikiliza."

"Mama Zawadi, mteja wangu akiniambia 'nimesikia' najua kabisa anaelekea kibanda cha jirani."

Alizima taa. Tulikaa siku kadhaa tukiongea kupitia kwa Zawadi.

Baada ya foleni ile Mkuu alikwenda makao makuu. Hilo ni kweli, gari lake bovu lilionekana likisukumwa kutoka getini. Alichokwenda kusema huko kina matoleo mengi. Wengine walisema aligonga meza mbele ya majenerali. Wengine walisema alinywa chai, akajibu anachoulizwa, akarudi. Niliwauliza wa kugonga meza na wa kunywa chai, nikaona wote hawakuwepo. Alichosema aliporudi ndicho kilikuwa na mashahidi. Alisimama mbele ya kikosi akasema: "Vumilieni. Msiondoke. Jeshi haliwezi kuwasahau watu wake."

Watu wakavumilia. Sisi tulihama nyumba ya vyumba viwili tukaingia ya chumba na sebule, Zawadi akawa analala sebuleni na masanduku. Rafiki wa mke wangu, koplo, aliacha kazi akaenda kulinda ghala la watu Mbezi Luis, akapendeza, akanenepa. Mke wangu alipokutana naye alimsalimia kama mtu aliyebadili dini. Nami kila mwisho wa mwezi nilikuwa namuuliza swali moja, kwa adabu kabisa: "Wamekukumbuka?" Aliacha kunijibu.

Mkuu akastaafu. Walimuaga kwa gwaride, wanaume wazima wakafuta macho. Posho haikuwa imerudi.

Mwaka huu mkataba wa mke wangu ukafika mwisho. Akisaini anaongeza miaka mingine. Asiposaini anaondoka na mafao yake kwa hesabu inayotumika sasa, na uvumi ulikuwa umeenea kwamba hesabu hiyo nayo iko mezani inanolewa kisu. Nikamwambia aondoke kungali na kitu cha kuondoka nacho. Nina mgongo mbovu, milango ni mizito, uwanja unahitaji mtu wa pili mwenye sauti ya amri.

"Mkuu alisema tusiondoke," akasema.

"Mkuu mwenyewe yuko wapi?"

"Si amestaafu."

"Basi yeye ameondoka."

"Amestaafu kwa umri! Wewe kila kitu unakigeuza." Kisha, taratibu: "Mtu yule hajawahi kunidanganya. Akisema kaa, kuna anachokijua. Jumatatu nasaini."

Jumamosi yake simu yangu ikaita. Sauti ndogo. "Bwana Milango? Nataka mlango wa mbele. Mninga, kama unao. Njoo upime."

Nyumba yake iko Tegeta, ndani ndani, unaacha lami, unaacha na changarawe. Njia nzima nilikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kushinda kesi. Mkuu wa kikosi aliyejenga wakati posho za watu zinakatwa, nilitegemea ghorofa. Nikakuta nyumba ya kawaida. Mbele imepigwa plasta na rangi, nyuma tofali tupu. Nilihesabu madirisha kwa kuzunguka kulia, kisha kwa kuzunguka kushoto, nikapata idadi ya nyumba ya mwalimu. Mwenyewe alikuwa amevaa kaptula na fulana, anafunga miti ya nyanya kwa kamba.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Bwana Milango. Mlango huo usiwe na mchezo, wezi wa huku hawaogopi cheo."

Tukapima fremu. Tukaingia kwenye bei, na hapo nikashangaa, maana alipatana kama mjane. Alitaja yake nikacheka, nikataja yangu akacheka. Akasema kuna kiinua mgongo kingine hakijainuka. Nikampunguzia, akaomba nipunguze tena, nikampunguzia tena. Futi ikiwa bado mkononi nikamwambia:

"Afande, mke wangu anasaini Jumatatu. Asaini, asisaini?"

Hakuacha kutazama fremu.

"Asisaini," akasema. "Na hapa chini paongeze kizingiti, maji yanaingia."

Nilirudi Mbagala nikiwa nimeibeba ile habari kama sufuria la uji wa moto. Mke wangu alikuwa anapiga pasi.

"Mkuu amesema usisaini."

Akaisimamisha pasi. "Umemsikia vibaya."

"Nilimuuliza tena nikiondoka. Akanijibu hivyo hivyo."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Kaptula."

Akaendelea kupiga pasi. Nikadhani yameisha. Asubuhi ya Jumapili, wakati mimi na fundi wangu tunapakia mlango kwenye kirikuu, akatoka nje amevaa kombati, mkanda, buti zinang'aa, bereti. Majirani waliokuwa wanakwenda kanisani wakasimama. Akapanda mbele, akafunga mlango wa gari.

"Twende. Nataka anijibu mie."

Nikaendesha mpaka Tegeta.

Mkuu alikuja getini na kandambili. Alipoiona ile kombati, visigino vyake vikakutana vyenyewe, akaivuta fulana chini. Mke wangu akapiga saluti. Mie nilikuwa nyuma na fundi wangu, tumeshika mlango.

"Sajini."

"Afande. Kesho nasaini mkataba. Nimekuja kuuliza. Nisaini, nisisaini?"

"Saini," akasema Mkuu. Palepale, kama risasi.

Mlango nusura uniangukie mguuni. "Afande, jana uliniambia…"

"Jana nilikuwa naongea na mfanyabiashara. Nilimpa bei." Hakuniangalia. "Wewe ni askari, Sajini. Nakupa amri. Saini."

Mke wangu alibaki amesimama wima. Nilijua anavyosimama akiwa amepokea amri, bega linashuka kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Safari hii halikushuka.

"Afande umestaafu," akasema. "Amri huna."

Kuku wa jirani walikuwa wanachakura kwenye nyanya zake, hakuna aliyewafukuza.

"Basi na mie nipe bei."

Mkuu alitazama chini. Alikuwa na vidole vya miguu vyeupe kwa vumbi la saruji. Alipoongea, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake haikuwa ndogo. Ilikuwa ya kawaida tu.

"Hairudi," akasema. "Usisaini, mwanangu. Posho hairudi, na kuna nyingine zinakuja kukatwa."

"Umejua lini?"

"Ile? Siku ya gwaride. Kabla ya gwaride. Nilipoitwa nipewe taarifa, nilipewa na jibu lake: hakuna kitakachobadilika, na watu wasiondoke. Nikaambiwa niwaambie hivyo, nikawaambia."

"Foleni ile ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ukatusikiliza wote. Yule mtoto ukamtoa nje, ukamwingiza tena. Ulikuwa unajua."

"Niliwasikiliza wote," akasema Mkuu. "Sikuwa na kitu kingine cha kuwapa."

Nilimtazama mke wangu nione kama atalia au atatukana. Miaka yote nilitaka aisikie habari hii, na sasa imesemwa mbele yangu, na mwenyewe, bila mimi kubana. Niliona aibu kusimama pale na mlango mkononi kama mtu aliyefika msibani na deni. Yeye alivuta pumzi. Kisha akageuka nyuma, akaelekea garini. Hakupiga saluti. Mkuu aliusubiri ule mkono uinuke. Nilimwona akiusubiri, hata wakati mke wangu ameshafunga mlango wa gari.

Tulifunga bawaba haraka haraka, tukaweka kitasa. Mkuu alinihesabia pesa, nikapokea. Nilizihesabu mara moja tu.

Tulifika lami ya Bagamoyo. Gari zimesimama, Jumapili na foleni yake. Mke wangu alivua bereti akaiweka mapajani, nywele zimelala upande mmoja.

"Kesho sisaini," akasema.

"Sawa."

"Usiniambie sawa. Na usiniambie ulisema."

"Sijasema kitu."

Foleni ikasogea, ikasimama. Muuza maji alikuja dirishani, akaiona kombati, akasogea gari la nyuma.

"Ule mlango," mke wangu akasema, "umempunguzia?"

"Kidogo. Alikuwa ananibembeleza, nikaona mzee…"

"Umempunguzia mara ngapi?"

"Mara mbili."

Akatazama mbele, barabara ilipoanza kufunguka.

"Rudi," akasema. "Kamwambie alipe bei ya kwanza. Yote."

Tangu nianze biashara sijawahi kumrudia mteja kumpandishia bei ya kitu alichokwisha kukilipia. Nikawasha indiketa, nikageuza gari.